Henrik Dam na siri ya herufi K

Kila mwalimu wa sayansi humu nchini amewahi kuandika ubaoni orodha ya vitamini, na kila mwanafunzi amewahi kuikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ni orodha ya ajabu, hasa kwa mtu ambaye, kama mimi, hula mkate wake kwa kuchunguza maneno na herufi. Baada ya A, B, C, D na E, mfuatano unakatika ghafla, nasi tunarukia K bila maelezo yoyote. Herufi zilizo katikati zilikwenda wapi? Na K yenyewe ilitoka wapi? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kitoto. Hata hivyo, majibu yake yanatupeleka kwenye maisha ya mtu aliyefariki yapata nusu karne iliyopita, na kutoka kwake hadi kwenye vyumba vya kujifungulia katika hospitali zetu, ambako mtoto mchanga hudungwa sindano pajani kabla hajamaliza siku yake ya kwanza duniani.

Mtu huyo ni Carl Peter Henrik Dam, mwanakemia wa Denmark. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu akisikia kwamba mtu aitwaye Dam ndiye aliyefumbua fumbo la damu. Ni sadfa tu. Neno letu damu tulilipata kutoka Kiarabu, ilhali katika lugha ya Denmark neno dam humaanisha bwawa la maji. Lakini sadfa hiyo ina faida yake, kwani jina la mtu huyu halitamtoka kichwani mwanafunzi wa Kiswahili akishalisikia mara moja.

Dam alizaliwa jijini Copenhagen tarehe 21 Februari 1895. Baba yake alikuwa mfamasia na mama yake mwalimu. Mwaka 1920 alihitimu masomo ya kemia katika chuo cha ufundi cha jiji hilo, akaanza kufundisha kemia katika chuo cha kilimo na tiba ya mifugo, na mwaka 1923 akahamia maabara ya fiziolojia ya Chuo Kikuu cha Copenhagen. Mwaka 1924 alimwoa Inger Olsen. Mwaka uliofuata alikwenda Graz, Austria, kujifunza kwa Fritz Pregl, ambaye alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923 kwa mbinu zake za kupima kemikali zilizopo kwa kiasi kidogo mno. Mafunzo hayo yalimfaa sana baadaye, kwa kuwa maisha yake yote aliyatumia kufuatilia vitu ambavyo mwili huvihitaji kwa uchache usioonekana kwa macho.

Ili kumwelewa Dam, ni lazima kwanza tuielewe hali ya elimu ya lishe katika zama zake. Mwaka 1912 Casimir Funk, mwanasayansi mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alilibuni neno ambalo sasa tunaliita vitamini. Sehemu yake ya mwanzo ni neno la Kilatini vita, lenye maana ya uhai. Hapa wanafunzi wangu hucheka, maana kwetu vita ni kupigana. Baada ya Funk, wataalamu walianza kuvipa vitu hivi herufi kwa mfuatano wa alfabeti. Kila aliyedhani amegundua kipya alijinyakulia herufi yake. Baadhi ya ugunduzi huo ulithibitishwa. Mwingine ulibainika kuwa si vitamini kabisa, au kuwa ni sehemu ya kundi la B. Ndiyo sababu alfabeti yetu ya vitamini ina mapengo. Ni mfano wa makaburi ya nadharia zilizokufa.

Dam hakuwa akitafuta vitamini yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa akishughulikia swali la kolesteroli, yaani ule mfano wa mafuta unaopatikana katika miili ya wanyama. Alitaka kujua kama kifaranga anaweza kujitengenezea kolesteroli mwilini mwake au ni lazima aipate katika chakula. Akawalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta na kolesteroli, kisha akangoja. Jibu la swali lake alilipata: vifaranga waliweza kujitengenezea kolesteroli wenyewe. Kazi ingeweza kuishia hapo, makala yakaandikwa, na vifaranga wakasahauliwa.

Lakini baadhi ya vifaranga hao walianza kuvuja damu chini ya ngozi, katika misuli na katika viungo vingine. Damu yao ilipochukuliwa na kuchunguzwa, ilichelewa kuganda. Mtafiti mwenye haraka angeliona jambo hilo kuwa kero inayoharibu jaribio lake. Dam aliliona kuwa swali jipya. Mwaka 1929 alitoa taarifa ya kwanza kuhusu hali hiyo, kisha akatumia miaka kadhaa kutafuta sababu yake.

Mwenendo wa utafiti huo ni somo zuri kwa mwanafunzi yeyote, awe wa kemia au wa isimu. Dhana ya kwanza iliyomjia mtu yeyote wa wakati huo ni kiseyeye, ugonjwa wa kuvuja damu kwenye fizi ambao huletwa na upungufu wa vitamini C. Dam akawapa vifaranga maji ya limau. Hawakupona. Akarudisha kolesteroli katika chakula chao. Hawakupona. Akajaribu mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini A na D. Hayakufaa kitu. Hatimaye aligundua kwamba mbegu na nafaka fulani ziliwakinga, na kwamba majani mabichi na ini la nguruwe yaliwakinga zaidi. Kwa kuondoa dhana moja baada ya nyingine, alifikia uamuzi kwamba kuna kitu kisichojulikana, kinachoyeyuka katika mafuta, ambacho bila hicho damu haigandi inavyopasa.

Mwaka 1935 alikipa kitu hicho jina: vitamini K. Alieleza sababu mbili za kuichagua herufi hiyo. Ya kwanza, ilikuwa herufi ya mwanzo katika alfabeti ambayo bado haikuwa imetumiwa na mtu mwingine, kwa haki au bila haki. Ya pili, katika Kijerumani na katika lugha za Skandinavia neno la kuganda, yaani Koagulation, huanza kwa herufi hiyo hiyo. Hapo basi ndipo ilipotoka K yetu. Kiingereza huliandika neno hilo kwa C, na ndiyo maana mwanafunzi anayesoma sayansi kwa Kiingereza haioni sababu ya herufi K hata akikodoa macho. Sisi Waswahili tuna bahati zaidi, kwa kuwa kuganda nako huanza kwa K. Mwanaisimu ndani yangu hanisamehi nisipoongeza kwamba ku- ni kiambishi tu na mzizi ni -ganda. Hata hivyo, mwalimu anayetafuta njia ya kuwasaidia wanafunzi wake kukumbuka asiione haya kuitumia sadfa hiyo.

Katika mwaka huo huo wa 1935, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Herman Almquist na Robert Stokstad, walikuwa wamefikia jambo lile lile kwa vifaranga wao. Taarifa yao ilicheleweshwa ndani ya chuo chao, kisha jarida moja likaikataa, na ilipochapishwa hatimaye, ile ya Dam ilikuwa imetangulia kwa majuma machache. Leo majina yao hayajulikani sana nje ya vitabu vya historia ya lishe. Nawataja kwa sababu haki inataka hivyo, na kwa sababu wanafunzi wetu wa shahada za juu wanapaswa kujua kwamba kazi iliyolala mezani mwa msimamizi inaweza kumgharimu mtafiti jasho la miaka.

Mwaka 1939 Dam, akishirikiana na Paul Karrer wa Zurich, aliitenga vitamini hiyo kutoka katika majani ya alfalfa, lishe ya ng'ombe ambayo wafugaji wetu huiita lusini. Kule Marekani, Edward Doisy wa Chuo Kikuu cha St. Louis naye aliitenga, akapata aina ya pili yake katika unga wa samaki uliooza, na akaeleza muundo wake wa kikemia. Kwa kazi hizo, Dam na Doisy waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1943: Dam kwa kuigundua vitamini, Doisy kwa kubainisha umbile lake la kikemia.

Tuzo hiyo ilimkuta Dam ugenini. Mwaka 1940 alikuwa amekwenda Marekani kutoa mihadhara, na tarehe 9 Aprili mwaka huo majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark. Akabaki ng'ambo. Alifanya utafiti Woods Hole, kisha katika Chuo Kikuu cha Rochester kuanzia 1942 hadi 1945, halafu katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York. Mwaka 1941 chuo cha ufundi cha Copenhagen kilimteua kuwa profesa, ingawa hakuweza kufika kukalia kiti chake. Tuzo ya 1943 ilitangazwa mwaka 1944, na kwa sababu ya vita Dam aliipokea New York badala ya Stockholm. Alirejea kwao mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, na mwezi wa Desemba mwaka huo ndipo alipotoa mhadhara wake wa Nobel huko Uswidi. Aliendelea kufundisha na kutafiti, pamoja na mambo mengine, jinsi chakula kinavyochangia kutokea kwa mawe ya nyongo katika wanyama wa maabara. Alifariki Aprili 1976, akiwa na umri wa miaka 81.

Sasa turudi kwa mtoto mchanga, maana bila yeye habari za vifaranga zingebaki kuwa za wafugaji. Mwaka 1894, mwaka mmoja kabla Dam hajazaliwa, daktari Charles Townsend wa Boston alieleza habari za watoto 50 waliovuja damu katika siku za kwanza za maisha yao, bila jeraha na bila ugonjwa wa kurithi. Damu ilitoka kitovuni, puani, mdomoni, au katika choo. Madaktari waliujua ugonjwa huo ila hawakuijua sababu yake. Mnamo 1939 Dam na wenzake nchini Denmark walionyesha kwamba watoto wachanga, hata walio wazima, wana upungufu wa vitamini K, na katika mwaka huo huo madaktari wa Marekani walikuwa wakiwatibu watoto kwa vitamini hiyo. Fumbo la Townsend na fumbo la vifaranga likawa fumbo moja.

Sababu zake ni rahisi kueleweka. Vitamini K haipiti kwa wingi katika kondo la nyuma kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, hivyo mtoto huzaliwa akiba yake ikiwa ndogo sana. Utumbo wake bado hauna bakteria wanaotengeneza aina nyingine ya vitamini hiyo. Ini lake, ambalo ndilo hutengeneza protini za kugandisha damu, bado ni changa. Na maziwa ya mama, ambayo kwa kila hali nyingine ndiyo chakula bora kwa mtoto, yana vitamini K kidogo mno. Mama anaweza kula sukuma wiki, mchicha na kunde kila siku, mboga ambazo zimejaa vitamini hiyo, na bado isiingie katika maziwa yake kwa kiasi cha kumtosha mtoto. Hili si kosa la mama, wala si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ni pengo la kimaumbile ambalo sindano moja ya miligramu 1 hulijaza.

Wataalamu hugawa uvujaji huu katika nyakati tatu. Upo unaotokea katika saa 24 za kwanza, mara nyingi kwa watoto ambao mama zao walitumia dawa fulani wakati wa mimba, kwa mfano baadhi ya dawa za kifafa au za kifua kikuu. Upo wa kati ya siku ya pili na ya saba. Na upo wa kuchelewa, ambao hutokea kuanzia juma la pili hadi mwezi wa sita. Huu wa mwisho ndio wa kuogofya zaidi, kwa sababu mara nyingi damu huvuja ndani ya ubongo. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri jana, leo anatapika, analegea, anapata kifafa. Akipona, huenda akabaki na ulemavu. Pasipo kinga yoyote, huwapata watoto wapatao 4 hadi 7 katika kila 100,000. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye mmojawapo, hesabu za maelfu hazina faraja.

Uaminifu wanidai niseme pia kwamba historia ya sindano hii haikukosa dosari. Katika miaka ya 1950 ilibainika kwamba aina ya vitamini K iliyotengenezwa viwandani, ikitolewa kwa vipimo vikubwa, iliharibu chembe nyekundu za damu za watoto na kuwatia umanjano wa hatari, hasa waliozaliwa kabla ya wakati. Madaktari hawakulificha jambo hilo. Walipunguza kipimo, wakaitumia aina ile ile inayopatikana katika majani mabichi, na mwaka 1961 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikapendekeza kinga hiyo kwa watoto wote. Mwaka 1992 watafiti wa Bristol, Uingereza, walizua hofu walipoihusisha sindano hii na saratani ya watoto. Tafiti kubwa zilizofuata katika nchi kadhaa hazikuona uhusiano huo. Hofu ilisambaa upesi. Kukanushwa kwake kulikwenda kwa mwendo wa kobe. Leo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mtoto apewe miligramu 1 baada ya kuzaliwa, na miongozo ya watoto wachanga hapa Kenya inaelekeza vivyo hivyo, isipokuwa kwa walio na uzito wa chini ya kilo moja na nusu, ambao hupewa nusu ya kipimo hicho.

Kwa nini basi mwalimu wa isimu anajitia katika mambo ya waganga? Kwa sababu mwishoni mwa safari hii ndefu, kutoka maabara ya Copenhagen hadi kitanda cha mzazi huko Kitui au Busia, kinachobaki ni maneno. Muuguzi ana dakika chache, na wodi imejaa. Humwambia mama kwamba mtoto anapewa sindano ya vitamini. Mama aliyesoma anajua kuwa vitamini ni kitu cha kwenye matunda na mboga. Anajiuliza mtoto mwenye afya na kilo zake tatu na nusu anaitakia nini. Mama mwingine hudhani kuwa ni chanjo, na kama amesikia uvumi kuhusu chanjo, uvumi huo huihamia sindano hii isiyo chanjo kamwe. Na yule anayejifungulia nyumbani, ambaye mtoto wake hafikishwi kliniki hadi majuma kadhaa baadaye, hajui hata kwamba kuna kitu alichokikosa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtajia.

Neno vitamini, katika matumizi yetu ya kila siku, lina uzito mwepesi. Linatukumbusha tangazo la dawa ya kuongeza hamu ya kula. Halibebi maana ya kitu ambacho kukikosa kunaweza kumfanya mtoto avuje damu kichwani. Twapenda kusema kuwa damu ni nzito kuliko maji tunapozungumzia undugu. Kwa mtoto mchanga asiye na vitamini hii, damu inaweza kukaribia wepesi wa maji, na hilo ndilo analopaswa kuambiwa mama. Napendekeza tuiite kwa kazi yake: sindano ya kugandisha damu, au kinga ya kuvuja damu. Dam mwenyewe alifanya hivyo hivyo. Alipohitaji jina hakuokota herufi tupu. Aliokota ile iliyobeba neno la kuganda katika lugha waliyoisoma wenzake. Jina lilipovuka mipaka ya lugha, maana ilidondoka njiani, tukabakiwa na herufi.

Kuirudisha maana hiyo ni kazi ya walimu. Kila mwanafunzi aliyeko darasani leo ni mzazi, shangazi au mjomba wa kesho, na wengi wao hawatasoma sayansi tena baada ya kumaliza shule. Dakika kumi za habari za vifaranga wa Copenhagen zinaweza kumwachia msichana au mvulana jambo atakalolikumbuka siku ya kuulizwa kama anakubali mwanawe adungwe sindano. Naye mwanafunzi anayejiandaa kuwa muuguzi au mkunga ajizoeze tangu sasa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili, na kwa lugha ya nyumbani kwa mama anayemhudumia, katika sentensi mbili zisizo na istilahi hata moja. Walimu wa Kiswahili na wa sayansi wakikaa pamoja alasiri moja katika chumba cha walimu, sentensi hizo mbili zitapatikana.